Mstari Uliohama

Simu ya kitengo chetu ilipolia, Mkuu hakuuliza nani anapiga. Aliuliza, "Unaona nini?"

Aliyepiga alianza kueleza anachodhani. Labda seva imekufa. Labda huko kwenu Singida umeme umekatika. Labda kuna mtu kaifuta ramani. Mkuu alimwacha amalize, kisha akarudia kwa sauti ile ile, "Sijakuuliza unadhani nini, baba. Nimekuuliza unaona nini."

Nilikaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka mingi, katika ofisi iliyokuwa ikiweka ramani za vijiji mtandaoni. Mipaka, mashamba, malisho, visima, malambo: mtendaji wa kijiji aliye Iramba au Manyoni alipaswa kufungua simu yake na kuona mpango wa ardhi ya kijiji chake bila kupanda basi kuja mjini. Ramani ikikataa kufunguka walitupigia sisi, na ilikataa mara nyingi. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kitengo. Akiwa hayupo tulimwita Mkuu. Mbele yake tulimwita Mama. Jina lake silitaji. Najua asingependa, maana habari zake huwezi kuzisimulia ukaikwepa ile ya Kintinku.

Alikuwa mtu mwenye haya kupita kiasi. Chakula cha mchana alikula akiwa ameugeukia ukuta. Akisifiwa kikaoni, kalamu yake ilianguka, naye alikaa chini ya meza akiitafuta mpaka sifa zikaisha. Kiswahili chake kilikuwa safi, ila akikasirika Kinyaturu kilimponyoka, na baadaye aliomba radhi kama aliyetukana, ingawa nusu ya ofisi tulikuwa Wanyaturu na tulikuwa tumefurahi.

Mtu wa namna hiyo ungedhani angewahurumia wengine. Hakuwahurumia, hasa wasomi wenzake.

Bwana mmoja wa takwimu alituletea koodineti, namba za kuonyesha mahali, za shule za upande wa Kiomboi. Tulipoziingiza, ramani ikabaki tupu. Shule hazikuwepo Iramba, hazikuwepo mkoani, hazikuwepo Tanzania. Mkuu akaisogeza ramani mbali, mbali zaidi, mpaka bara zima likaonekana, na shule zikajitokeza zimejikusanya huko juu kaskazini. Yule bwana alikuwa amezigeuza namba: ya kutangulia kaifanya ya mwisho, ya mwisho kaifanya ya kutangulia. Ni kosa la kawaida kabisa katika kazi yetu, na dawa yake ni ya dakika moja. Mkuu akampigia simu, akaweka sauti ya nje ili wote tusikie.

"Baba, wanafunzi wako wamefika Moroko. Nani kawapa nauli?"

Tulicheka mpaka machozi. Tatizo ni kwamba hakuishia hapo. Aliisimulia kwenye mafunzo, akaisimulia kwenye vikao, mara nyingine yule bwana akiwa ameketi pale pale anatazama viatu vyake. Mwisho akaacha kuja kwenye vikao vyetu. Mkuu aliuliza kwa mshangao wa kweli, "Kwani tumemkosea nini?"

Lakini nimemwona pia siku diwani mmoja alipoingia ofisini na wageni wake, simu mkononi, anafoka kwamba ramani yetu ni karatasi nyeupe na kwamba tunaifanyia mzaha kazi ya wananchi. Mkuu aliipokea ile simu kwa mikono miwili. Akaitazama mara moja tu. Nami niliona alichoona: bando la diwani lilikuwa limekwisha. Akawasha intaneti ya simu yake mwenyewe, akamuunganisha kimyakimya, ramani ikafunguka. "Mtandao wetu ulisumbua kidogo, mheshimiwa," akasema. "Tusamehe." Diwani akatoka kifua mbele. Mkuu hakumcheka hata alipokwisha kuondoka, na mmoja wetu alipoanza kucheka alimkata kwa jicho.

Kwa hiyo asiyejua, Mkuu alimsitiri. Aliyepaswa kujua alimvua nguo. Shida ilikuja pale aliyepaswa kujua alipokuwa yeye mwenyewe.

Dalili tuliiona mapema. Kuna wiki ramani ilikuwa nzito, kila picha inachukua muda wa kupika ugali. Tulifuata njia aliyotufundisha, hatua kwa hatua. Anza na simu ya anayelalamika. Kisha fungua kwa kifaa kingine. Kisha iulize seva kama iko macho. Kisha soma makosa iliyoyaandika yenyewe, ukianzia ya mwisho kurudi juu. Kisha kagua kila leya, yaani kila tabaka la ramani: ipo, jina ni lile lile, vipimo vyake ni vya mfumo upi. "Anzia kwa mlalamikaji, malizia kwa Mungu," ndivyo alivyosema. Tulikaribia kufika kwa Mungu bila kuona kitu. Asubuhi moja ramani ikawa nyepesi ghafla, na Mkuu akasema imejirekebisha. Nilipokwenda kutupa taka nilikikuta kwenye pipa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua, ambacho alikuwa amekileta kutoka kwao Unyambwa kuikinga seva na vumbi. Aliifunika mashine mpaka ikakosa hewa, ikawa inaungua taratibu. Hakusema. Nasi hatukuuliza.

Nimekitaja kitambaa hicho katika habari hii kwa sababu nilipokiona nilicheka. Sikujua kwamba tabia ile ile, kwenye jambo kubwa, ingemgharimu mtu mwingine.

Kulikuwa na kijiji kimoja mbele ya Kintinku, wilaya ya Manyoni, ambacho jina lake naliacha. Ardhi yake iligawanywa kwa mstari mmoja: kaskazini malisho, kusini mashamba. Mstari huo ulikuwa umechorwa kwenye ramani ya karatasi ya zamani, na Mkuu mwenyewe ndiye aliyeuhamisha kutoka kwenye karatasi kuupeleka kwenye seva. Sasa, ramani za zamani za nchi hii zilipimwa kwa mfumo wake, na simu za leo zina mfumo mwingine. Ukiingiza vipimo vya zamani lazima uiambie kompyuta kwamba ni vya zamani. Ukisahau, haikatai wala haitoi onyo. Inachora vizuri kabisa, ila kila kitu kinakaa karibu mita mia tatu kaskazini mwa mahali pake. Mkuu alikuwa ametufundisha jambo hilo sisi sote. Siku ile alisahau.

Mtendaji wa kijiji kile alipiga simu ya kwanza wakati wa kiangazi.

"Unaona nini?" Mkuu akamuuliza.

"Naona lambo letu limepanda mlimani, Mama."

"Limepanda vipi?"

"Kwenye ramani lipo juu ya mawe. Mimi nimesimama kando ya maji hapa, ng'ombe wanakunywa, na ramani inasema lambo liko kule kwenye mawe."

Alikuwa amejibu swali kama lilivyoulizwa: alisema anachokiona. Ila siku ile Mkuu alikuwa na wageni kutoka Dodoma mezani, na sauti ilikuwa ya nje. "Hiyo ni simu yako," akamwambia. "Simu za bei ndogo hazijui zilipo. Izime, uiwashe." Wageni wakatabasamu. Mtendaji akasema asante.

Karibu na mstari ule aliishi mzee mmoja wa Kigogo, mfugaji, aliyefiwa na mkewe, aliyekuwa na boma lake upande wa malisho tangu kabla mstari haujachorwa. Wenye mashamba walikuwa wakimlalamikia kwamba amevuka. Yeye alisema hajavuka. Ugomvi wa aina hiyo upo kila kijiji, na zamani ungeamuliwa kwa maneno na kwa ng'ombe mmoja wa kuchinja. Safari hii mwenyekiti wa kijiji alisema, tuna ramani ya serikali, ya nini kugombana? Mtendaji akafungua simu mbele ya mkutano, wote wamesimama pale bomani kwa mzee. Kwenye ramani boma la mzee lilikuwa ndani ya mashamba, limekaa katikati kama jiwe kwenye mchele. Mzee akaambiwa ahame. Akaomba waangalie tena siku nyingine, labda chombo kimekosea. Wakamkubalia.

Hayo yote sisi hatukuyajua. Ila lile lambo lililopanda mlimani lilikuwa limemkaa Mkuu moyoni. Siku chache baada ya wageni kuondoka aliweka picha ya satelaiti chini ya ramani yake, na nilimwona akisogeza uso karibu na kioo. Maji yalikuwa huku, alama ya lambo iko kule. Akajaribu kisima: vile vile. Akajaribu mstari. Shingo yake ikabadilika rangi. Nilimuuliza, "Mama, kuna nini?" Akasema, "Hakuna." Akausahihisha mfumo pale pale, kazi ya muda mfupi, kila kitu kikarudi mahali pake. Kisha akampigia mtendaji.

Nilimsikia kwa masikio yangu. Alisema, "Nimeiboresha ramani yenu. Fungua sasa, ipo sahihi."

Nimeiboresha. Hakusema amekosea. Hakusema mstari ulikuwa umehama. Angesema, yule mtendaji angejua anatafuta nini, na asipokiona angeuliza.

Kwa maana kulikuwa na jambo la pili, nalo pia alitufundisha yeye. Seva haichori ramani upya kila mtu anapoifungua, ingechoka. Huchora mara moja, huikata vipande, huvihifadhi, na kuwagawia watu vipande vile vile. Ukisahihisha ramani bila kufuta vipande vya zamani, wewe mwenye kompyuta kuu utaona jipya, na watu wa vijijini wataendelea kuona la zamani. Mkuu alikuwa na haraka ya kulimaliza lile jambo lisionekane. Hakufuta vipande. Hakufungua kwa simu nyingine.

Mkutano wa pili ulikaa. Mtendaji akasimama akasema, "Mama wa ramani mwenyewe amenipigia. Ameiboresha. Tuangalie." Wakaangalia. Mstari ulikuwa pale pale ulipokuwa. Hata iliyoboreshwa, wakasema, inasema vile vile. Mzee wa watu akaitwa mwongo mara ya pili, na mara hii kwa ushahidi wa Mkuu.

Tulipata habari mtendaji alipopiga simu kushukuru.

"Ramani imetusaidia sana, Mama. Ule ugomvi umekwisha. Mzee amehama."

"Amehama kutoka wapi?" Mkuu akauliza.

Akaelezwa. Nilimwona akichukua simu yangu mezani bila kuniomba, akaifungua ramani, akaona mstari wa zamani. Aliiweka chini. Alifuta vipande vyote vya wilaya nzima, kisha akakaa ameugeukia ukuta, na haukuwa wakati wa chakula.

Wakubwa walipoambiwa walishauri iandikwe barua fupi kwamba kulikuwa na hitilafu ya kiufundi na imeshughulikiwa. Mkuu akasema atakwenda mwenyewe. Aliniomba nimsindikize, akitazama pembeni. Tulipanda basi mpaka Manyoni, tukapanda lingine kufuata barabara ya Dodoma, na njia nzima alizungumza habari za kuku. Kuku wake wa Unyambwa, wanavyotaga, wanavyoibwa na kicheche. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile.

Mkutano ulikuwa kwenye darasa. Mzee alikuwa amekaa dawati la mbele, miguu yake mirefu haijui pa kukaa, fimbo mapajani. Tuliwasalimu wazee, "Mbukwenyi," wakaitika. Mkuu akasimama, akaanza kueleza mifumo ya vipimo, tofauti ya zamani na ya sasa, namna seva inavyohifadhi picha. Alieleza vizuri. Nilimjua: alikuwa amejificha nyuma ya maelezo. Mama mmoja wa nyuma, amembeba mtoto, akamkatiza.

"Samahani, dada. Sisi tunataka kujua kitu kimoja. Mzee alisema uongo au hakusema?"



"Hakusema uongo," Mkuu akajibu. "Boma lake lilikuwa kwenye malisho. Mimi ndiye niliyekosea." Nikadhani amemaliza. Akaendelea, sauti imeshuka. "Na nilipogundua sikuwaambia. Niliona aibu. Nikasema nimeiboresha."

Hakuna aliyefoka. Wenye mashamba walitazama sakafu. Mtendaji alitazama simu yake. Mwenyekiti akamwomba mzee aseme neno.

Mzee hakusimama. "Mimi nilishakubali," akasema. "Mara ya kwanza nilibisha. Mara ya pili nikasema, mashine haina ugomvi na mimi, basi ni uzee umenila akili. Nimewaambia ndugu zangu. Nimewaambia wakwe zangu wa Dodoma, kwa mdomo wangu, kwamba ni kweli nilivuka mpaka na nikawabishia watu bure." Akamtazama Mkuu, si kwa hasira. "Sasa nitawaambiaje tena, mwanangu? Waniamini lipi?"



Wanakijiji walimwambia arudi kwenye boma lake. Akakataa. Miiba ya ua ilishachukuliwa kuni, ndama wameshazoea upande ule mwingine, naye hana nguvu ya kujenga mara ya tatu. "Nimekusamehe," akamwambia Mkuu, akampa mkono. Nilitamani angemtukana. Ule mkono Mkuu aliushika kama mtu aliyepewa chuma cha moto na haruhusiwi kukiachia. Kurudi hakuzungumzia kuku wala chochote.

Baada ya hapo alibadilika, si kwa namna ya watu wa kwenye mahubiri. Ukali ulibaki. Lakini habari ya Moroko hakuisimulia tena, na kila ramani ilipokosewa alilazimisha iandikwe hapo hapo juu yake, kwa herufi kubwa, "Tulikosea," ikifuatiwa na kilichokuwa na kilichopo. Wakubwa hawakulipenda neno hilo. Walimwomba aweke "maboresho." Alikataa bila kugombana, mpaka alipostaafu na kurudi Unyambwa. Neno likaondolewa. Sisi tuliobaki tuliliacha liondolewe.

Mara ya mwisho kumwona sikuitarajia. Mtendaji alinipigia kwamba mzee amefariki, nami nikaenda kuzika kwa niaba ya ofisi, maana hakuna mwingine aliyejitolea. Uwanja ulikuwa umejaa. Nilipozunguka nyuma kunawa mikono nilimwona kati ya akina mama, amejifunga khanga mbili, anasugua sufuria kubwa kwa majivu. Amekonda. Nywele zimekuwa nyeupe zote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Hakuacha kusugua. "Usiseme mimi ni nani. Nimewaambia ni jirani wa zamani."

"Umefika lini?"

"Jana. Nenda ukakae na wanaume, mdogo wangu, watu wanatutazama."

Nikaenda. Binti wa marehemu, mama mtu mzima, alipita akitugawia maji, akainama kwangu. "Yule mama anayesugua vyombo ni wa kwenu, wa ramani?" Nikanywa maji kwanza, naye akaendelea. "Tunamjua. Baba alisema huyo alikuja kusema ukweli. Walioinua mikono ahame, hao hapa wote, hakuna aliyewahi kufika kwake kuomba radhi."

Ibada ikaendelea, kisha mpwa wa marehemu kutoka Dodoma akasimama kusoma maisha ya mjomba wake. Alisoma ndoa yake, watoto wake, ukarimu wake, ng'ombe aliowapa yatima. Halafu akasoma kwamba marehemu alikuwa mnyenyekevu, kwani hata alipokosea na kuvuka mpaka wa malisho, alikubali kosa lake, akahama kwa amani.

Lilikuwa limekusudiwa kuwa sifa. Mtendaji alikuwepo, na hakusema. Mwenyekiti alikuwepo. Nami niliyejua kila kitu, kuanzia simu ya kwanza ya lambo, nilikuwa nimekwishainamisha macho, nikijiambia kwamba msibani si mahali pake.

"Hakukosea."

Sauti ilitoka upande wa akina mama. Mkuu alikuwa amesimama, majivu mpaka viwikoni. Watu waligeuka wote, mamia ya nyuso, yeye ambaye hakuweza kula mbele ya watu wanne.

"Hakuvuka mpaka," akasema. "Nilikosea mimi, nikamfanya aamini kwamba ni yeye. Naomba msimzike na kosa langu."

Mpwa alibaki ameshika karatasi, hajui amtazame nani. Mchungaji akakohoa. Binti wa marehemu akaweka ndoo ya maji chini.

"Soma tena hapo," akamwambia mpwa. "Soma vizuri."

Akasoma tena, kwamba mjomba wake alihamishwa bila kosa. Mkuu alisubiri mpaka sentensi ilipoisha. Kisha akakaa chini kwenye vumbi, akajifunika khanga usoni, na wanawake wawili wasiomjua wakasogea wakakaa naye, mmoja kila upande, ili watu wasimwone.